Kueneza Dini ni Kazi ya Nani?

Yako maneno tuyasikiayo mara nyingi katika mikutano ya parokia, nayo husemwa kwa unyenyekevu mwingi hata si rahisi kutambua kwamba ni udhuru. Mkristo huulizwa kama amewahi kumweleza jirani yake asiyebatizwa habari za Bwana Wetu. Naye hujibu: "Mimi sikusoma. Hiyo ni kazi ya padre na katekista." Akiisha kusema hivyo huketi, na wenzake humwitikia, na mkutano huendelea na habari za michango.

Basi katika somo la juma hili twataka kuuliza: je, maneno hayo ni kweli? Hatutayajibu kwa kukemea. Twende tukaangalie jinsi dini ilivyoenea hasa, ilipoanza na ilipotufikia sisi.

Tufungue kwanza Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8. Stefano amekwisha kupigwa mawe, na Kanisa la Yerusalemu lapatwa na dhuluma kuu. Waamini watawanyika katika nchi za Uyahudi na Samaria, isipokuwa Mitume, ambao wabaki mjini. Tena mwandishi asema kwamba waliotawanyika ndio waliokwenda wakilihubiri Neno. Msomaji na asome pale polepole. Waliohubiri ni wale waliokimbia na mizigo yao kichwani na watoto wao mgongoni. Wenye cheo cha utume walikuwa wamebaki. Katika sura ya 11 twawakuta watu hao wamefika Antiokia. Baadhi yao, wenyeji wa Kipro na Kirene, waanza kusema na watu wasio Wayahudi, nao wengi waongoka. Majina ya wahubiri hao hayakuandikwa popote. Kanisa la Yerusalemu lilipopata habari lilimtuma Barnaba, naye alipofika aliikuta kazi imekwisha kuanza. Ndipo alipokwenda kumtafuta Paulo. Mji ule ambao wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, basi, uliipokea dini kutoka kwa wakimbizi.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni ya kale, na ya nchi za mbali. Haya, tuje karibu, kwenye Ziwa Viktoria.

Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans walishuka pwani ya Kigungu, karibu na Entebbe, mwezi wa Februari 1879. Walikuwa Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868. Watu wa kwanza walibatizwa mwezi wa Machi 1880. Lakini mwezi wa Novemba 1882, mapadre walipoona kwamba hali ya pale imekuwa ya mashaka, walivuka ziwa wakaenda kusini, ambako mwaka 1883 walianzisha misioni ya Bukumbi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakurudi Buganda mpaka mwezi wa Julai 1885, Kabaka Mutesa alipokuwa amekwisha kufa na mwanawe Mwanga kushika utawala.

Hebu tuihesabu miezi hiyo. Ni zaidi ya miaka miwili na nusu bila padre hata mmoja. Hapakuwa na Misa, wala kitubio, wala mpako wa wagonjwa. Waliobatizwa walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa na ubatizo wa miezi michache tu: Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walibatizwa tarehe 30 Aprili 1882, Matia Mulumba Kalemba na Luka Banabakintu tarehe 28 Mei mwaka ule ule. Kwa kipimo chetu cha leo hao walikuwa bado wanafunzi. Mwenye hekima ya kidunia angalisema kwamba dini ile changa ingekauka kama mche usiotiliwa maji. La, hasha! Mapadre waliporudi walikuta wanafunzi wengi kuliko waliowaacha.

Kazi hiyo ilifanywaje? Hapo ndipo penye somo letu, nasi hatuna budi kukaa kidogo.

Yosefu Mukasa alikuwa mtumishi mkuu ndani ya jumba la Kabaka, mwenye madaraka juu ya vijana wa pale. Hakwenda kuhubiri sokoni. Aliwatunza vijana waliokuwa mikononi mwake, akawafundisha sala, na pale heshima yao ilipohatarishwa alisimama kati yao na tajiri yao. Andrea Kaggwa, ambaye utotoni alitekwa katika nchi ya Bunyoro, alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Nyumba yake ikawa shule. Miongoni mwa waliofundishwa naye walikuwamo watoto wa waziri mkuu mwenyewe, na jambo hilo ndilo lililomtia waziri yule hasira, hata akaapa kwamba hatakula chakula mpaka Kaggwa awe ameuawa. Kaggwa aliuawa tarehe 26 Mei 1886. Aliyaweka maisha yake rehani kwa ajili ya watoto wa jirani.

Matia Kalemba habari zake zanigusa zaidi, labda kwa sababu alikuwa mtu mzima mwenye kazi, mali na jamaa kubwa, kama walivyo wengi wa wasomaji wetu. Alikuwa ameitafuta kweli kwa muda mrefu: kwanza katika Uislamu, kisha kwa Waprotestanti, mwisho kwa mapadre. Alipotaka ubatizo aliagana na wake zake, akiwapatia riziki, akabaki na mmoja, jina lake Kikuvwa. Yeye na Luka Banabakintu ndio waliokuwa nguzo ya Wakristo wa Mityana, takriban kilomita 70 magharibi ya mahali ulipo mji wa Kampala. Watu walimwona mtu mwenye cheo amebadilika, wakauliza kwa nini. Alipoulizwa, alijibu. Nadhani mafundisho yake yote yalianza kwa njia hiyo.

Pale Mityana alikuwapo mfinyanzi mmoja, Noa Mawaggali. Yeye alibatizwa tarehe 1 Novemba 1885, miezi minne tu baada ya mapadre kurudi; kwa hiyo yatupasa kumhesabu kuwa tunda la wale waliokuwa wakifundishana wenyewe kwa wenyewe. Noa naye alimfundisha dada yake, Munaku. Noa alipouawa kwa mkuki, tarehe 31 Mei 1886, Munaku alitoka akawakabili wauaji, akitaka afe pamoja na kaka yake. Hawakumwua, bali walimteka. Akakataa kuiacha dini, akakombolewa na mapadre, akabatizwa, kisha akaishi bila kuolewa kwa ajili ya Mungu. Ebu ufuate uzi huo: padre alimfundisha Matia, watu wa Mityana wakamfundisha Noa, Noa akamfundisha Munaku. Padre yumo mwanzoni, naye yumo tena mwishoni penye maji ya ubatizo. Katikati ni mwenye cheo, mfinyanzi na msichana.

Tena usisahau usiku ule kabla ya vijana wa jumba la Kabaka kuhukumiwa, Mei 1886. Padre hakuweza kuwafikia. Karoli Lwanga, mwenyewe akiwa Mkristo wa miezi sita tu, aliwabatiza wale waliokuwa bado wakatekumeni, na mmoja wao alikuwa kijana Kizito. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda, tarehe 18 Oktoba 1964, hakuwamo padre hata mmoja kati yao. Wote walikuwa walei.

Mwaka 1969, Papa huyo huyo alipofika Kampala, aliwaambia Waafrika kwamba tangu sasa wao wenyewe ni wamisionari wa nafsi zao. Wengi huyataja maneno hayo kana kwamba yalihusu mapadre wazalendo na maaskofu wazalendo tu. Lakini Kardinali Lavigerie alikuwa na wazo la namna hiyo karibu miaka 90 kabla, alipowapeleka vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani wakasome udaktari katika kisiwa cha Malta, ili wawe waganga na makatekista kati ya watu wao. Mmoja wao alikuwa Adriano Atiman, aliyezaliwa karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali, akaibwa utotoni na kuuzwa. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akakaa huko miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956. Akaoa huko, mwanawe Yosefu akapata upadre mwaka 1923. Atiman alitibu macho, majeraha na homa, na waliokuja kwa dawa walisikia pia habari za Mungu. Alikuwa mgeni asiye na jamaa, aliyenunuliwa kama mbuzi, naye akawa baba wa nchi nzima.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliyathibitisha hayo kwa mafundisho, na hapa naweza kupita upesi. Hati yake juu ya Kanisa, ya mwaka 1964, yawaita wazazi wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Hati juu ya umisionari, ya mwaka 1965, yawasifu makatekista kwa maneno makubwa. Na mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa jambo la kwanza katika uchungaji. Wazo lilikuwa kwamba majirani wachache wakutane nyumbani, wasome Injili, na watoke wakamtazame jirani asiyekuja. Wasomaji mnajua wenyewe ni jumuiya ngapi zilizobaki na daftari la zaka tu.

Lakini neno moja la tahadhari. Kuna wanaodhani kueneza dini ni kushindana. Hupanda jukwaani na vipaza sauti, wakaitukana dini ya mwingine, na jioni hurudi nyumbani wakijisifu kwamba wamemnyamazisha. Mtu aliyenyamazishwa hakuongoka, amechukia. Mtume Petro, katika Barua yake ya kwanza, sura ya 3, atutaka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, tena kwa upole na heshima. Angalia kwamba asema juu ya mtu aulizaye. Jirani yako Mwislamu, au mzee afuataye mila za mababu, hatakuuliza kitu ikiwa maisha yako hayampi sababu ya kuuliza. Na akikuuliza, usimjibu kwa usichokijua.

Hapo nakumbuka aibu yangu mwenyewe, nayo nataka kuieleza. Mwaka wangu wa kwanza wa upadre nilikwenda katika kigango kimoja cha mbali kuwasaili wakatekumeni. Nilitoka seminari kuu na kichwa kimejaa teolojia. Wakaja mbele yangu watu tisa wa kitongoji kimoja, wakubwa kwa wadogo. Nikamwuliza mzee mmoja ayataje majina ya Mitume. Akaanza vizuri: Petro, Andrea, Yakobo, Yohane. Kisha akaongeza, "na Ponsyo Pilato."

Nikauliza, "Nani aliyewafundisha?"

Wakamwonyesha mama mmoja, fundi wa cherehani, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa. Jina lake halikuwamo katika orodha ya makatekista. Kusoma alijua kwa shida. Nilimwambia, tena mbele ya watu, kwamba asiye na ruhusa wala cheti hafundishi dini.

Akapiga magoti, akasema, "Baba, unisamehe. Mimi sifundishi. Wanakuja kushonewa nguo, wananiuliza kwa nini naenda mbali vile kila Jumapili, nami nawaambia ninachokijua. Huyo Pilato nilimsikia katika Nasadiki, nikadhani ni mwenzao."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikawaahirisha wote tisa kwa mwaka mzima. Yule mzee alinishika mkono akasema, "Padre, mwaka ni mrefu kwa mtu wa umri wangu." Nikamwambia asubiri.

Kosa lake lingalisahihishwa kwa dakika mbili. Mzee yule alijua kusali, alijua nani alimfia msalabani na kwa nini. Alikuwa amepatana na ndugu yake waliyegombana naye miaka mingi kwa habari ya shamba. Mimi sikumwuliza hayo. Katekista ndiye aliyenieleza baadaye.

Wakati wa mvua njia ilikatika, na mzee akashikwa na homa. Waliniita, sikuweza kuvuka mto. Nilipofika siku ya nne alikuwa amekwisha kuzikwa. Nilimkuta yule mama katika baraza yake, penye cherehani, ameogopa sana. Aliniuliza kama ametenda dhambi, maana usiku ule alichukua maji katika kata, akayamimina juu ya kichwa cha mzee, akayasema maneno kwa Jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Akanionyesha jinsi alivyofanya. Hapakuwa na kosa hata moja.

Jioni ile nilifungua kitabu cha ubatizo cha parokia. Nikaandika jina la mzee, na tarehe. Katika safu ya mbatizaji, ambamo kurasa zote za mwaka ule zilikuwa na jina langu, niliandika jina lake yule mama. Kisha nikamwomba aje Jumamosi pamoja na wale wanane waliobaki, na aketi mbele.