Mji wa Mlango Mmoja

SOMO LA KIKUNDI



Wengi wenu mmepita Webuye kwa matatu mkielekea Bungoma au Malaba, na mmekiona kile kiwanda cha karatasi. Katika semina zetu kila mara kuna mtu anauliza, "Kwani kile kiwanda kilianguka namna gani?" Halafu mwingine anasema, "Sisi ni wakulima, hiyo inatuhusu nini?" Mwezi huu tutajaribu kujibu maswali yote mawili.

Tunaomba mmoja wenu asome kwa sauti, sehemu moja kwa wakati. Mkifika kwenye swali, simameni na mzungumze. Msikimbie ili kumaliza. Hata mkichukua mikutano miwili, si kitu.

1. Mji ulivyokua

Zamani Webuye iliitwa Broderick Falls, kwa sababu ya maporomoko ya mto Nzoia ambayo wenyeji wanayaita Nabuyole. Palikuwa mahali padogo kando ya reli ya kwenda Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilishirikiana na kampuni ya Birla kutoka India, na shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia, wakajenga kiwanda kilichoitwa Pan African Paper Mills. Watu walikiita Panpepa tu. Kilianza kutoa karatasi mwaka 1974.

Mahali palichaguliwa kwa akili. Maji ya mto yalikuwa karibu, reli na barabara kuu zilikuwa karibu, na upande wa Turbo serikali ilipanda misitu ya kulisha kiwanda. Mti uliletwa, ukatolewa gome, ukakatwa vipande vidogo, ukapikwa pamoja na kemikali mpaka ukawa rojo. Rojo hilo lilioshwa, likatandazwa na kukaushwa. Hapo ndipo ilipopatikana karatasi ya kuandikia na karatasi ngumu ya mifuko.

Kiwanda kiliajiri zaidi ya watu 1,000. Nyuma yao kulikuwa na wakata miti, madereva wa malori, wenye nyumba za kupanga, mafundi cherehani, vinyozi, mama mboga, na wakulima wa vijiji vya karibu waliouza mahindi na maziwa mjini.

Yalikuwepo pia mabaya. Harufu ya kupika miti ilikuwa kama ya yai bovu. Wenyeji walilalamika kwamba mabati yao yanaoza haraka na maji ya mto yanachafuka. Lakini wengi walivumilia, maana harufu hiyo ilikuja pamoja na mshahara.

Swali: Hapa kwetu kuna jambo gani baya tunalolivumilia kwa sababu linatuletea pesa?

2. Mlango ulivyofungwa

Watu husema kiwanda kilifungwa mwaka 2009. Ni kweli, lakini ugonjwa ulianza mbele ya hapo. Tuutazame vizuri, maana ugonjwa wa kiwanda hauna tofauti kubwa na ugonjwa wa biashara ya kikundi.

Kwanza, mitambo ilizeeka, na kupika miti kunahitaji mafuta na umeme mwingi. Gharama zilipanda.

Pili, katika miaka ya 1990, hasa kuanzia 1993, serikali ilifungua milango kwa bidhaa za kutoka nje. Karatasi ya bei ya chini ikaingia nchini. Kiwanda kilichozoea kuuza bila mshindani kikajikuta sokoni na wenye nguvu kuliko chenyewe.

Tatu, misitu ya serikali ilikatwa kwa kasi kuliko ilivyopandwa. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, ingawa kiwanda hiki kilikuwa kati ya vichache vilivyoruhusiwa kuendelea.

Nne, madeni. Kiwanda kilikopa, na deni likazaa deni.

Basi mwanzoni mwa 2009 umeme ukakatwa kwa sababu ya deni na mitambo ikanyamaza. Kiwanda kikawekwa mikononi mwa msimamizi kwa niaba ya wanaokidai. Mwaka 2010 serikali ilijaribu kukifufua, watu wakashangilia, lakini hakikuendelea. Mwaka 2016 kikauzwa kwa kundi la kampuni za Rai kwa shilingi milioni 900. Kikaanza kazi tena kwa jina la Rai Paper, kwa kiwango kidogo kuliko cha zamani.

Hebu hesabuni miaka. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2009 alikuwa darasa la nane kiwanda kilipouzwa. Ule muda wote wazazi walikuwa wanaambiwa, "Kitafunguliwa karibuni." Wako waliokataa kurudi nyumbani kulima kwa sababu ya hilo neno "karibuni". Wafanyakazi wa zamani nao walikaa miaka mingi wakidai malipo yao.

Swali: Je, kuna ahadi ambayo kikundi chetu kinaingojea? Tumeingoja tangu lini? Na tunafanya nini huku tukingoja?

3. Safari ya mshahara mmoja

Sasa tufanye hesabu ndogo. Hii ni mfano tu, lakini kila mtu anaweza kuielewa.

Mfanyakazi mmoja anapata shilingi 15,000 kwa mwezi. Anampa mwenye nyumba 3,000. Chakula kinachukua 5,000: unga, mboga, maziwa, sukari. Karo ni 3,000. Kinyozi, fundi na nguo ni 1,000. Wazazi kule nyumbani wanapelekewa 2,000. Ile 1,000 inayobaki anaiweka kwenye kikundi. Pesa imeisha.

Kumbe haikuisha, ilihama tu. Mwenye nyumba anamlipa fundi wa kurekebisha paa. Mama mboga ananunua sukuma kutoka kwa mkulima. Mkulima anampelekea mtoto wake viatu. Shilingi ile ile inapita mikono mitatu, minne kabla ya kutoka mjini. Zidisha kwa wafanyakazi 1,000: ni shilingi milioni 15 kila mwezi, na zote zinaingia mjini kupitia mlango mmoja.

Mlango huo ukifungwa, haya ndiyo yanayofuata. Mwezi wa kwanza watu wanachukua vitu dukani kwa deni. Mwezi wa tatu mwenye duka anakataa, maana naye anadaiwa. Wapangaji wanaanza kuhama, wengine usiku. Nyumba ikibaki tupu, mwenyewe hana pesa ya kupaka rangi wala kutengeneza choo. Baadaye milango inang'olewa, halafu mabati. Maduka yakifunga, leseni hazilipwi, na takataka hazizolewi. Vijana hodari wanaenda Nairobi. Wanaobaki ni wazee na wale ambao hawana nauli.

Mpita njia akiona mji wa namna hiyo anasema, "Watu wa hapa ni wavivu." Si uvivu. Mtu yule yule aliyekuwa anaamka saa kumi na moja kwenda zamu, ndiye umemkuta amekaa barazani saa nne asubuhi. Hakubadilika yeye. Pesa ndiyo iliacha kuzunguka.

Na yule mama wa kijijini aliyekuwa anauza lita kumi za maziwa mjini? Hakuwahi kuingia ndani ya geti la kiwanda hata siku moja. Lakini sasa lita sita anarudi nazo nyumbani. Naye pia amefutwa kazi, ila hakuna aliyemwandikia barua.

4. Kosa letu sisi

Hapa tunataka kusema ukweli juu yetu wenyewe, sisi tunaowatembelea na kuwafundisha.

Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kikundi cha akina mama pembeni ya mji mwingine wa kiwanda. Hatutautaja, maana aibu ni yetu, si yao. Walikuwa na akiba nzuri na walitaka kuanza kukopeshana. Tukawashauri hivi: mkopo mpeni yule ambaye mume wake, au yeye mwenyewe, ana karatasi ya mshahara. Tuliona huo ndio usalama. Anayeuza ndizi tulimwambia angoje.

Kikundi kilifuata shauri letu vizuri sana. Mwekahazina aliandika kila kitu kwa mkono safi. Kiwanda kiliposimama, karibu mikopo yote ilisimama wiki ile ile, kwa sababu yote ilikuwa inalipwa na mwajiri mmoja. Akina mama waliokuwa marafiki wa miaka mingi wakaanza kukwepana njiani. Mmoja alihamia kwao bila kuaga. Na yule wa ndizi, tuliyemwona hana usalama, aliendelea kuuza ndizi.

Tulirudi kuomba msamaha. Mzee mmoja wa hapo, mume wa mwenyekiti, alitukumbusha methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Tulikuwa tunaijua. Lakini tulikuwa tumewafundisha watu kuacha mbachao, tukidhani tunawaendeleza.

Swali: Kati ya mikopo tuliyotoa, ni mingapi inategemea mahali pamoja? Mwekahazina afungue kitabu, na tuhesabu sasa hivi.

5. Si Webuye peke yake

Kiwanda cha nguo cha Rivatex kule Eldoret kiliwekwa chini ya msimamizi mwaka 1998, wakati nguo za kutoka nje na mitumba zilikuwa zimejaa sokoni. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, na kikazinduliwa upya mwaka 2019. Kati ya kuanguka na kuzinduliwa ni zaidi ya miaka 20.

Mumias, kiwanda cha sukari kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973 kiliwekwa chini ya msimamizi Septemba 2019. Hapo ndipo wakulima wanaguswa moja kwa moja. Muwa unakaa shambani kama mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa. Mkulima aliyejaza shamba lote miwa, kiwanda kisipochukua, hana pesa na hana mahindi. Hawezi kumpikia mtoto miwa.

Kwa hiyo hili jambo si la watu wa mjini tu. Kijiji nacho kinaweza kuwa kijiji cha mlango mmoja. Mlango huo unaweza kuwa kiwanda, au mnunuzi mmoja wa maziwa, au mfadhili mmoja, au mtoto mmoja aliye Nairobi anayetuma pesa kila mwisho wa mwezi.

6. Kazi ya kikundi: kuhesabu milango

Hamhitaji karatasi. Tokeni nje, chini ya mti.

(a) Chora duara kubwa kwenye udongo. Hilo ndilo kikundi.

(b) Kila mwanachama achukue mawe kumi. Hayo ni pesa zake zote za mwaka mmoja. Ayapange kwenye ukingo wa duara kufuatana na zinapotoka: miwa, maziwa, kibarua, duka, mtoto, mahali pengine. Pesa za aina moja zikae pamoja.

(c) Tazameni fungu lipi ni kubwa kuliko yote. Mwenyekiti aliondoe lote kwa mguu. Kila mmoja aseme: na haya yaliyobaki, ninaweza kuishi miezi mingapi? Msicheke mtu. Wengine watanyamaza, na kunyamaza nako ni jibu.

(d) Sasa tazameni matundu, yaani mahali pesa zinapotoka. Ni kitu gani tunanunua mbali kila wiki, na kuna mtu hapa anayeweza kukitengeneza au kukilima? Sabuni, mayai, miche, sare za shule. Chagueni kimoja tu cha kuanzia.

(e) Mkirudi ndani, fikirieni kanuni hizi tatu na muamue kama mnazitaka. Ya kwanza: mikopo inayotegemea mwajiri mmoja au mnunuzi mmoja isizidi nusu ya mikopo yote. Ya pili: sehemu ya akiba isikopeshwe kabisa, ikae kwa ajili ya mwaka mbaya. Ya tatu: kila mwanachama abaki na sehemu ya shamba ya chakula cha nyumbani, hata bei ya zao la kuuza ikiwa tamu namna gani.

Hatusemi msiuze kwa kiwanda. Kiwanda kikija karibu nanyi, uzeni, fanyeni kazi, someni mkataba kabla ya kutia sahihi, na mdai haki yenu kwa wakati, si baada ya geti kufungwa. Wala hatusemi kwamba kikundi cha watu 20 kinaweza kuzuia kiwanda kuanguka. Hakiwezi. Kinachoweza ni kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, wanachama wake watakuwa na mlango mwingine wa kuingilia, na hawatakwepana njiani.

Tafadhali andikeni idadi ya milango mliyoipata, na ile mliyoamua kuongeza, mje nayo kwenye mkutano ujao wa vikundi. Kikundi kilichopata mlango mmoja tu kisione aibu kuja. Tutaanza na hicho.