Moshi wa Jikoni ni Mzigo wa Nani?

Huenda mazungumzo haya mnayafahamu. Ni Alhamisi jioni. Bwana anauliza, "Mama watoto, makaa yamekwisha tena? Si nilikupa pesa Jumatatu?" Bibi anajibu kwa ukali, "Kwani unadhani ninayala?" Chakula kinaliwa kimya, na watoto wanatazamana.

Ugomvi huu si wa makaa peke yake. Katika nyumba nyingi, anayetoa pesa hakai kwenye moshi, na anayekaa kwenye moshi haulizwi pesa zitumikeje. Bwana hununua redio mpya, naye bibi anaendelea kukohoa kwenye mafiga yale yale.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia. Wanaouvuta zaidi ni akina mama na watoto wadogo. Tena, kila gunia la makaa lilikuwa mti. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alianza na shida za akina mama wa vijijini: kuni zilikuwa mbali na vijito vilikuwa vikikauka. Kutunza mazingira, basi, ni sehemu ya kutunzana.

Jumapili hii, baada ya Misa, ketini pamoja jikoni, wala si sebuleni. Bwana, kaa hapo mpaka chakula kiive. Kisha mpange pamoja mambo haya:

Kwanza, jiko lenyewe. Jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani, ambalo limetumika Kenya tangu miaka ya 1980, hushika joto na hutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Pesa linazookoa zitarudisha bei yake.

Pili, namna ya kupika. Lowekeni maharagwe na mahindi ya githeri usiku kucha, mmwage maji hayo, na mfunike sufuria. Yakishachemka sana kwa nusu saa, tieni sufuria katika kikapu kilichotandikwa blanketi kuukuu, mlifunike vizuri. Githeri itaendelea kuiva bila moto kwa saa kadhaa. Kabla ya kula, ichemsheni tena mpaka ilainike.

Tatu, hewa. Fungueni dirisha mnapopika. Msilale kamwe na jiko la makaa chumbani. Sumu yake haina harufu na huua watu usingizini.

Nne, maji na miti. Milimita 10 za mvua juu ya paa la mita 50 za mraba ni lita 500 hivi za maji. Mfereji wa bati na pipa lenye kifuniko vitampunguzia mama safari za mtoni. Na miti mnayopanda mpakani leo itawapa kuni za kupogoa kesho.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, hakudharau mambo madogo kama haya. Alitaja hata kupika chakula kinachotosha tu, kupanda miti na kuzima taa zisizohitajika.

Bibi, nawe usimfiche mumeo shida zako ukisubiri azione mwenyewe. Mwambie kwa upole kifua kinapokuuma. Bwana, anapokuambia, usihesabu shilingi kwanza. Siku ya ndoa mliahidiana katika afya na katika ugonjwa. Usingoje ugonjwa ndipo uikumbuke ahadi hiyo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni nani kati yetu anayeamua pesa za jikoni? Je, ndiye anayepika?
2. Tunatumia kiasi gani kwa kuni, makaa au gesi kila mwezi?
3. Ni jambo gani moja tutakaloanza wiki hii, wote wawili?