Mzinga Huu Una Lita Ngapi?

Ukitoka Manyoni kwenda Itigi, mkoani Singida, utaiona mizinga ya magogo imetundikwa mitini. Anayenunua mzinga mpya huuliza bei na aina ya mti, kisha huugonga asikie kama gogo limeoza. Ujazo hauulizi. Mimi huanza na huo kabla ya bei, maana ndio unaoamua kama kundi litaingia, litakaa, na litabakiza nafasi ya asali ya kurina.

Nyuki wenyewe hupima. Katika miaka ya 1970, mtafiti Thomas Seeley wa Marekani aliyawekea makundi yanayotafuta makao masanduku ya ukubwa tofauti. Lile la lita 10 lilikataliwa, la lita 100 halikupendwa, la lita 40 likachaguliwa. Kabla ya kuwaita wenzao, wapelelezi wa kundi huingia na kutembea kwenye kuta za ndani, huku na huku, mpaka waridhike. Wale walikuwa nyuki wa asili ya Ulaya. Wa kwetu huishi katika makundi madogo zaidi, hugawanyika upesi na huhama upesi, kwa hiyo ukubwa wa mzinga si jambo la kubahatisha. Ukiwa mdogo mno, masega hujaa majana na kundi hugawanyika kabla asali haijawekwa. Ukiwa mkubwa mno, sehemu isiyolindwa huwa makao ya nondo wa nta.

Kupima kunahitaji futikamba na simu yenye kikokotoo. Kanuni ni moja: pima ndani. Chukua gogo lenye urefu wa sentimita 120 na kipenyo cha sentimita 38 kwa nje. Ukilihesabu hivyo utapata lita 136. Lakini ukuta wake una unene wa sentimita 5 kila upande, na vifuniko vya mwanzo na mwisho vivyo hivyo. Ndani umebaki urefu wa sentimita 110 na kipenyo cha 28, yaani lita 68 tu. Nusu ya ulichodhani unanunua ni mbao.

Kwa gogo, zidisha upana wa ndani kwa kimo cha ndani, kisha kwa urefu, kisha kwa 0.785, halafu gawanya kwa 1,000 upate lita. Hiyo 0.785 ndiyo inayoondoa pembe nne ambazo mviringo hauna. Fundi akichonga kwa tezo, uwazi hauwi duara kamili. Ukipata upana wa sentimita 30 na kimo cha 26, usichague kipimo kimoja. Tumia vyote viwili pamoja na urefu ule wa 110, nawe utapata lita 67. Gogo likiwa nene upande mmoja, pima mwanzo, katikati na mwisho, kisha chukua wastani.

Mzinga wa sanduku wenye viunzi vya juu una mtego wake. Kuta zake zimelala kuelekea chini, kwa hiyo upana wa juu haufanani na wa sakafuni. Tuseme juu ni sentimita 44, chini ni 20, kina ni 28 na urefu ni 90. Anayetumia upana wa juu peke yake hupata lita 111. Jumlisha 44 na 20, gawanya kwa mbili, upate 32. Zidisha kwa kina na urefu, na jibu ni lita 81 hivi. Tofauti ya lita 30 ni kubwa kuliko ndoo nzima.

Ukiwa na shaka, jaza mbegu. Singida alizeti haikosekani, nayo ni nyepesi: ndoo ya lita 20 haizidi sana kilo 8, wakati mtama hukaribia kilo 15. Sawazisha ndoo kwa kijiti, mimina, hesabu. Gogo lililopasuliwa nusu mbili hujazwa kila nusu peke yake. Tumia mbegu zisizopakwa dawa kabisa, kwa kuwa sumu itakayobaki kwenye mbao itawaua nyuki utakaowakaribisha, kisha fagia ndani hadi vumbi liishe.

Ujazo huo wote si asali. Viunzi vya nyuki wetu huwa na upana wa milimita 32, na karibu robo ya nafasi hiyo ni njia ya kupita kati ya sega na sega. Kwa mzinga wa lita 80, tuseme nusu ya masega ni ya majana na chavua. Inabaki 40, toa robo ya njia, inabaki 30. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4, kwa hiyo kikomo ni kilo 42, na mavuno halisi huwa chini ya hapo, kwa sababu masega hayajazi kila kona na kundi lazima liachiwe chakula cha kiangazi. Muuza mizinga akikuahidi kilo 60 kwa mkupuo kutoka sanduku kama hilo, mwonyeshe hesabu hii.

Ninaandika lita kwa rangi chini ya kila mzinga, na mavuno ya kila msimu kwenye daftari, ili nilinganishe lita kwa kilo. Hesabu ile ya kilo 1.4 kwa lita hutumika pia sokoni. Asali safi iliyofika alama ya lita 20 ina uzito wa kilo 28 hivi, ukiondoa uzito wa ndoo. Mizani ikisoma 26, ama ndoo haikujaa, ama asali ina maji mengi.