Browning ya Mtumba Ikigoma, Anza na Magazini

Ukinunua Browning Hi-Power iliyotoka ghala la jeshi au la polisi, kuna malalamiko matatu utakayoyasikia kwa karibu kila mwenye nayo. Triga ni nzito na inakwaruza. Magazini haidondoki ukibonyeza kitufe chake, mpaka uivute kwa vidole. Risasi zenye tundu kichwani zinakwama kabla ya kuingia chemba. Ninayo moja ya zamani, rangi imeshachubuka kwenye kingo zote, na nimekutana na yote matatu. Mawili ya kwanza si ubovu, ndivyo ilivyotengenezwa. La tatu linatokana na umri wa muundo wake. Ubovu wa kweli nao upo, ila mara nyingi umejificha kwenye kifaa ambacho wauzaji wa mtumba hukutupia ndani ya mfuko kama nyongeza: magazini.

Sheria kwanza, maana hapa Sandton, Johannesburg, Afrika Kusini, haukwepeki huo mlango. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto, Namba 60 ya mwaka 2000, ilianza kutumika 2004. Mgeni kama mimi, mtu wa Tanga, haombi leseni mpaka awe na ukaazi wa kudumu. Leseni ya kujilinda ya kifungu cha 13 hudumu miaka 5 na ni ya silaha moja tu; ya wanamichezo walio wanachama wa vyama vinavyotambulika, kifungu cha 16, hudumu miaka 10. Mwenye leseni ya kawaida ana kikomo cha risasi 200 kwa kila silaha. Kwa hiyo kutafuta ubovu kwa kumwaga risasi mpaka ujitokeze wenyewe ni anasa. Na wala usifikirie kujaribu nyuma ya nyumba, hata kama ukuta wako ni mrefu na una nyaya za umeme juu kama kuta zote za mitaa hii. Kufyatua risasi kwenye makazi ya watu ni kosa. Majaribio yote ni kwenye uwanja wa shabaha.

Mezani, utaratibu ni mmoja. Toa magazini, vuta slaidi nyuma, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe ni tupu. Risasi halisi zikae chumba kingine kabisa. Nasisitiza kwa sababu Hi-Power ina tabia inayowalevya watu: ukitoa magazini, triga haifanyi kazi. Wapo wanaoichukulia tabia hiyo kama kinga. Kipande kidogo cha chuma chenye umri wa babu yangu si kinga ya kuwekea roho ya mtu.

Kipande hicho ndicho chanzo cha malalamiko mawili ya kwanza, na historia yake inachekesha kidogo. John Browning alianza kazi ya bastola hii kwa ajili ya kiwanda cha FN cha Ubelgiji, akafariki 1926 akiwa hukohuko Liège kabla haijakamilika. Dieudonné Saive akaimalizia, na Ubelgiji ikaipokea rasmi 1935. Jeshi la Ufaransa, ambalo matakwa yake ndiyo yaliyoanzisha kazi yote, lilitaka bastola isiyofyatuka bila magazini. FN wakaweka kipini kidogo ndani ya triga, kinachosukumwa na uso wa mbele wa magazini. Wafaransa wakachagua bastola nyingine. Kipini kikabaki, kikasambaa na Hi-Power kwenye majeshi ya nchi zaidi ya 50.

Sasa fikiria kinachotokea kila unapovuta triga: kipini kile kinasuguana na bati la magazini. Bati likiwa laini, husikii kitu. Likiwa na kutu, uchafu, au ule mpako wa kijeshi wenye chembe kama msasa, kidole kinakwaruzwa. Msuguano huohuo ndio unaoishika magazini isidondoke. Kwa hiyo unapoambiwa triga ya bastola yako imechoka, chukua magazini mbili za aina tofauti, zote tupu, ukiwa umehakikisha chemba ni tupu. Weka ya kwanza, weka risasi bandia chemba ili pini isipige hewa, vuta triga. Rudia na ya pili. Hisia ikibadilika, triga haina kosa. Itazame magazini yenye kukwaruza: utaona mstari unaong'aa kwenye uso wa mbele, pale kipini kinapopita. Safisha uso huo, ufute mpaka ukauke, upake mafuta mazito kiasi cha kuacha unyevunyevu tu. Watengenezaji waliwahi hata kuweka springi ndogo chini ya magazini ili iruke yenyewe kitufe kikibonyezwa. Magazini nyingi za mtumba hazina.

Wengi hukiondoa kipini hicho, na ni kweli triga hulainika siku hiyohiyo. Mimi sikiondoi. Silaha ya kujilinda ikitumika, hakimu anaweza kutaka kujua ni nani aliyetoa kifaa cha usalama na kwa nini. Sitaki kuwa na jibu la kutafuta.

Lalamiko la tatu linahitaji jicho kidogo. Hi-Power ilibuniwa kwa risasi za milimita 9 zenye kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba chote, zile za kijeshi. Kwenye mitutu ya zamani, njia inayopandisha risasi kuelekea chemba ina kinundu. Kichwa cha mviringo huteleza juu yake. Kichwa chenye tundu, kifupi na butu, hukigonga kikasimama. FN waliisawazisha njia hiyo kwenye matoleo ya miaka ya 1980. Kama yako ni ya kabla ya hapo, dawa ya bure ni kuilisha risasi ilizozaliwa nazo. Dawa ya pesa ni fundi mwenye leseni aifungue njia hiyo kwa vipimo. Dawa ambayo si dawa ni mashine ya kusagia ya mkononi mezani kwako: ikila chuma kinachoshikilia sehemu ya nyuma ya ganda, ganda linabaki bila mgongo na linaweza kupasuka ndani ya mkono wako.

Ila bastola yangu ilikuwa inakwama hata kwa risasi za kijeshi. Hapo ndipo kuna kazi ya kweli, na kanuni ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilizipa magazini namba kwa kalamu ya wino usiofutika, nikawa naandika kila ilipokwama: magazini ipi, risasi aina gani, imekwama vipi. Daftari linasema haraka kuliko kumbukumbu. Matukio karibu yote yalikuwa ya magazini zilezile. Midomo ya juu ya moja ilikuwa imepanuka, ikaiachia risasi mapema na pua ikiwa juu mno. Nyingine springi yake ilikuwa imelala, haikimbizani na slaidi, na hata risasi zilipokwisha slaidi haikubaki nyuma kama inavyopaswa. Midomo iliyopanuka watu huikunja kwa koleo. Inakubali leo, kesho inapanuka tena. Tupa.

Fundi ninayemtumia ni mzee wa Kiafrikana, wote tunamwita Oom. Karakana yake iko Wynberg, ng'ambo ya barabara ya M1 ukitoka kwetu, eneo la magereji na maghala linalopakana na Alexandra. Nilipompelekea bastola, baada ya kuandika leseni yangu kwenye rejesta, aliisogeza pembeni akaomba magazini zote. Alizipima midomo, akabonyeza springi kwa kidole gumba, akatenga malundo mawili. Bastola aliigusa mwishoni.

Alipoigusa, alianzia springi ya slaidi. Hiyo unaweza kuikagua mwenyewe. Hi-Power inafunguka bila kuvuta triga, jambo ninalolipenda: vuta slaidi nyuma, ishike kwa kuinua sefti kwenye tundu lake la pili, sukuma pini ya kizuizi cha slaidi kutoka upande wa kulia itokee kushoto, kisha iachie slaidi taratibu itoke kwa mbele. Springi iliyochoka ina dalili zake. Maganda yanarushwa mbali kuliko kawaida, slaidi inagonga kwa kishindo, na wakati mwingine inarudi bila kufunga sawasawa, inabaki na mwanya mdogo. Maganda yakianguka miguuni mwako, shuku risasi dhaifu au springi ngumu kupita kiasi. Ganda likibaki chemba, sugua chemba kwanza, kisha tazama kucha inayolivuta. Kwenye matoleo ya kabla ya miaka ya 1960 kucha hiyo imefichwa ndani ya slaidi, na kuitoa ni kazi ya fundi.

Jambo moja la huku. Sisi watu wa pwani tumezoea kupigana na kutu, hivyo tunamwaga mafuta. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Agosti mvua ni nadra. Adui ni vumbi. Mafuta mengi ndani ya magazini yanakamata vumbi, yanakuwa tope, na springi iliyokuwa nzima inaanza kusuasua. Ndani ya magazini futa kukavu. Mafuta weka kwenye reli za slaidi na pale mtutu unapojifungia, basi.

Nyundo kukufinya ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, hilo sina dawa nalo. Shika chini kidogo.

FN walisimamisha utengenezaji wa Hi-Power ya asili 2018, lakini vipuri bado vipo, na Mec-Gar wa Italia, waliokuwa wakiiuzia Browning magazini, wanaendelea kuzitengeneza. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua magazini mpya mbili. Ikibaki chenji, ongeza springi ya slaidi. Kwangu hivyo vilimaliza kukwama kote kwa risasi za kijeshi. Zenye tundu bado zinakwama, nami nimeacha kuzinunua.