Lushoto au Marangu: Uliza Bei ya Siku Nzima

Familia inayopanga mapumziko ya milimani mara nyingi huulizia bei ya chumba, kisha hukata shauri. Chumba peke yake ni kipimo kinachopotosha.

Marangu iko kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Matembezi ya kwenda kituo cha Mandara, takriban mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, hufanyika ndani ya Hifadhi ya Taifa. Mgeni hulipa kiingilio na sharti afuatane na mwongoza watalii, hata akirudi siku hiyo hiyo. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiwango nafuu, hivyo beba kitambulisho.

Lushoto, katika Usambara Magharibi, hufikiwa kwa kupanda kona nyingi kutoka Mombo. Njia ya kwenda Irente hupita vijijini na mashambani. Mwenye watoto wadogo tungemshauri aanzie huku. Msitu wa Magamba, hata hivyo, una ada yake.

Wakati wa masika udongo huweza kuporomoka barabarani. Kwa hiyo, kabla ya kutuma malipo ya awali, mtake mtoa huduma akuandikie, walau kwa ujumbe wa simu, iwapo bei inajumuisha kiingilio, mwongozaji na chakula, na fedha zitarejeshwaje safari ikikwama. “Usijali, tutaelewana” si jibu. Ada ya hifadhi hulipwa Serikalini kwa namba maalumu ya malipo. Anayeitaka mkononi bila stakabadhi, mkatalie.