Wedelia: Ua la Bustani Lisilojua Mpaka

Wedelia ni mmea utambaao ardhini, nao hupandwa katika bustani ili kufunika udongo mtupu. Asili yake ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, lakini wapenda maua wameueneza katika nchi nyingi za joto, Kenya ikiwa mojawapo. Kwa kawaida hauzidi sentimeta 30 kwenda juu. Majani yake hung'aa, na maua yake ni ya manjano, mfano wa alizeti ndogo.

Sababu za kupendwa kwake ni wazi. Hukua upesi, huvumilia upepo wa chumvi wa pwani, na hushika udongo wa mteremko usichukuliwe na mvua. Wala hauhitaji mbegu: kipande cha shina chenye kifundo kikifukiwa kidogo hutoa mizizi, kama yafanyavyo marando ya viazi vitamu.

Lakini nguvu hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Kila kifundo kigusacho udongo huota, mpaka mmea hutanda kama zulia zito, na miche mingine iliyo chini yake hufa kwa kukosa mwanga. Mara nyingi huanza kwa takataka: mtu hukata matawi, huyatupa kando ya njia au mtoni, na vipande hivyo huota huko. Mwaka 2000 wataalamu wa uhifadhi waliutia katika orodha ya viumbe wageni 100 wenye madhara makubwa kabisa duniani. Katika jimbo la Queensland, Australia, sheria inakataza kuuza mmea huu, hata kumpa mtu bure.

Kwa hiyo, asiye nao ni heri asiuchukue. Aliye nao yampasa kufuata mambo haya:

1. Auzungushie kingo za mawe au simenti, na kukata kila tawi livukalo.

2. Asitupe vipande vibichi wala kuvitia katika lundo la mbolea. Avianike juu ya bati hata vikauke kabisa, kisha avichome.

3. Asiupande kamwe karibu na mto, shamba au msitu.

4. Atakaye kuuondoa aung'oe baada ya mvua, udongo ukiwa laini, aokote kila kipande, kisha akague mahali hapo kila baada ya majuma machache mpaka pasionekane chipukizi.

Bustani nzuri ni fahari ya nyumba, lakini isiwe hasara ya jirani.