Mapambo ya Krismasi kutokana na Mabibo Makavu

Katika wilaya za Masasi na Newala, msimu wa korosho hukaribiana na Krismasi, sikukuu iliyozoeleka Masasi tangu misheni ya Kianglikana ilipoanzishwa mwaka 1876. Msimu huo mabibo mengi huoza chini ya mikorosho, ingawa bibo huwa na uzito unaozidi ule wa korosho yake mara tano na zaidi. Wenyeji huyakausha baadhi yake na kuyaita kochoko. Somo hili laeleza jinsi ya kuyatumia kupamba darasa au nyumba.

Sayansi yake

Bibo si tunda halisi, bali ni kikonyo kilichovimba. Tunda halisi ni korosho. Katika bibo bichi, maji ni kiasi cha asilimia 85. Maji hayo pamoja na sukari huwapa kuvu na hamira mahali pazuri pa kukua. Tukiyapunguza maji, viumbe hivyo hushindwa kukua.

Tufanye hesabu. Kilo 1 ya mabibo ina gramu 150 za vitu visivyo maji. Tukikausha mpaka maji yawe asilimia 15 tu, gramu hizo 150 zitakuwa asilimia 85 ya uzito uliobaki. Kwa hiyo uzito huo ni 150 ÷ 0.85, yaani gramu 176 hivi. Gramu 824 zimetoka kama mvuke.

Hadhari

Usitunge korosho mbichi katika uzi, wala usiitoboe. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake huwasha macho na kifua. Nyonga korosho taratibu, uitenge na bibo, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Njia

1. Chagua mabibo magumu, mekundu na ya manjano, yasiyopasuka. Yaoshe.
2. Yakate vipande vya duara vyenye unene wa nusu sentimita. Machungwa nayo yaweza kukatwa hivyo.
3. Tumbukiza vipande vya bibo katika maji yenye ndimu kwa dakika 10. Asidi hupunguza kasi ya kugeuka rangi ya kahawia.
4. Vipange juu ya wavu, ndani ya sanduku lililopakwa rangi nyeusi na kufunikwa kwa nailoni angavu. Toboa matundu chini na juu: hewa ya moto hupanda na kutoka na mvuke, na hewa kavu zaidi huingia chini.
5. Geuza vipande kila siku. Joto likizidi mno mwanzoni, uso hukauka na kufungia maji ndani.
6. Pima uzito kila jioni. Usipobadilika kwa siku mbili mfululizo, kazi imekwisha.

Anza mapema, kabla mvua hazijashika, kwa kuwa hewa yenye unyevu haipokei mvuke kwa urahisi. Hifadhi vipande katika kopo lililofungwa vizuri. Vikiachwa wazi vitafyonza unyevu na kuota kuvu. Siku ya kupamba, vitunge kwa uzi na kuvitundika katika tawi la mvinje, mbali na mishumaa. Vilivyotundikwa visiliwe, kwa sababu ya vumbi na inzi.

Zoezi

Kausha gramu 200 za vipande sandukuni na gramu 200 juani. Chora grafu ya uzito kwa siku. Ni mstari upi unaoshuka haraka zaidi, na kwa nini?